Misa za William Byrd zilitungwa kwa chumba, si kwa kanisa kuu

Tarehe 6 Mei 2023, Mfalme Charles III alipotawazwa katika Westminster Abbey, kwaya iliimba Utukufu kwa Kilatini. Ulikuwa Utukufu wa William Byrd, mtunzi wa Kiingereza, kutoka misa yake ya sauti nne. Katika ibada hiyohiyo mfalme aliapa kuilinda dini ya Kiprotestanti iliyowekwa kwa sheria. Byrd alipoutunga Utukufu huo, miaka ya 1590, sheria za Uingereza zilisema kwamba anayesikiliza misa kwa hiari yake atozwe faini ya mark 100, yaani pauni 66 hivi, na afungwe mwaka mmoja. Padri aliyepewa upadri ng'ambo tangu enzi ya Elizabeth ilipoanza, akikanyaga nchi hiyo, alihesabiwa haini. Aliyempa hifadhi naye aliweza kunyongwa.

Ni rahisi kulipokea tukio lile kama hadithi ya ushindi: muziki uliofichwa umetoka mafichoni, umekaribishwa na mfalme, mambo yamekwisha. Sikubaliani na masimulizi hayo. Misa tatu za Byrd zina umbo zilizonalo kwa sababu ya mahali zilikoimbiwa. Ukizitoa humo, ukawagawia waimbaji arobaini chini ya dari la mawe lenye urefu wa mita thelathini, nota zote zitabaki, lakini kazi ambayo misa hizo zilitungwa kuifanya itapotea. Jambo hili linawahusu Waingereza, na linamhusu pia mwalimu yeyote wa kwaya anayezitazama misa hizi na kudhani kwamba haziwezekani mpaka awe na kwaya kubwa.

Byrd alizaliwa karibu mwaka 1540. Utoto wake ulipita katika nchi iliyogeuzwa dini mara kwa mara: Henry VIII alikuwa ameshajitenga na Roma, Edward VI akaleta Uprotestanti kamili, Mary I akairudisha misa, na mwaka 1559, chini ya Elizabeth I, misa ikapigwa marufuku tena na ibada ya Kiingereza ikawa ya lazima. Mwanamuziki wa kanisa katika miaka hiyo alilazimika kubadilisha lugha, vitabu na namna ya kutunga kila mtawala mpya alipoingia. Thomas Tallis, aliyemzidi Byrd umri kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye baadaye walishirikiana kikazi, aliwatumikia watawala wote wanne.

Mwaka 1563 Byrd alipewa kazi ya kupiga kinanda na kufundisha wavulana wa kwaya katika kanisa kuu la Lincoln. Alioa huko, mwaka 1568, mwanamke aliyeitwa Juliana Birley. Hakuwa mtumishi mpole: mwaka 1569 wakuu wa kanisa lile walimsimamishia mshahara kwa muda. Mwanzoni mwa mwaka 1572 mwimbaji wa malkia, Robert Parsons, alikufa maji katika mto Trent, na Byrd akachukua nafasi yake katika Chapel Royal, kwaya iliyomfuata Elizabeth popote alipokaa. Hapo ndipo yalipoanza maisha yake ya pande mbili, na yalidumu miaka hamsini.

Upande mmoja alikuwa mtumishi wa malkia aliyependelewa. Mwaka 1575 Elizabeth aliwapa Tallis na Byrd haki ya pekee, kwa miaka 21, ya kuchapisha muziki Uingereza na kuuza karatasi zenye mistari ya nota. Mwaka huohuo walitoa kitabu cha nyimbo takatifu za Kilatini, 17 za kila mmoja, kwa kuwa malkia alikuwa akitimiza mwaka wa 17 katika kiti chake. Kitabu hakikuuzika. Miaka miwili baadaye walimwandikia malkia kuomba msaada.

Upande wa pili, nyumbani kwake, walikuwa Wakatoliki wasiokubali kwenda katika kanisa la serikali. Jina la Juliana linaanza kuonekana katika orodha za watoro wa ibada mwaka 1577, walipokuwa wakiishi Harlington, magharibi ya London. La Byrd mwenyewe linafuata katika miaka ya 1580. Tangu mwaka 1581 faini ya utoro ilikuwa pauni 20 kwa mwezi, fedha ya kumfilisi hata mwenye shamba. Kesi zilifunguliwa na Byrd akawekewa dhamana, lakini mwaka 1592 mashtaka dhidi yake yalifutwa kwa amri ya malkia. Elizabeth aliupenda muziki, na alijua ana nani katika kwaya yake.

Kwa hiyo wako wanaomwita Byrd mnafiki, aliyekula mshahara wa ikulu mchana na kupiga magoti mbele ya padri usiku. Wako wengine wanaomfanya shahidi wa imani. Shahidi hakuwa, na hakujifanya. Mwaka 1581 Mjesuiti Edmund Campion alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, na mwili wake ukakatwa vipande. Shairi la kumwomboleza lilisambaa kwa siri, na aliyelichapisha, Stephen Vallenger, alikatwa masikio. Byrd alilitungia muziki. Alipouchapisha mwaka 1588 alibakiza ubeti wa kwanza tu, ambao haumtaji Campion, na mahali pa zilizofuata akaweka beti nyingine zisizo na hatari. Anayetafuta ushujaa atavunjika moyo hapa. Mimi naona mtu aliyekuwa na mke na watoto, aliyejua kwa hesabu kamili ni umbali gani anaweza kwenda, kisha akaenda mpaka ukingoni, miaka yote.

Lipo jambo jingine linalonizuia kumvika taji la utakatifu. Nyumba aliyohamia karibu mwaka 1593, Stondon Place katika jimbo la Essex, ilikuwa mali iliyonyang'anywa familia ya William Shelley, Mkatoliki aliyehukumiwa kwa njama dhidi ya malkia. Byrd, Mkatoliki mwenzake, aliikodi kutoka serikalini. Mjane wa Shelley alimdai nyumba yake kwa miaka mingi, na Byrd alimkatalia mahakamani mpaka mama yule alipofariki mwaka 1610, kisha akainunua. Hilo halipendezi, na anayemwandika Byrd hana budi kuliandika.

Alihamia Essex kwa sababu ya jirani. Sir John Petre, tajiri Mkatoliki, alikuwa na nyumba mbili kubwa karibu na hapo, Ingatestone Hall na Thorndon Hall, na misa ikisomwa humo kwa siri. Jinsi nyumba za namna hiyo zilivyokuwa tunajua kutoka kwa Padri William Weston. Katika kiangazi cha mwaka 1586 alikaa siku kadhaa katika nyumba ya Mkatoliki mmoja kando ya mto Thames, pamoja na Wajesuiti Henry Garnet na Robert Southwell. Anaandika kwamba mwenye nyumba alikuwa na kinanda na ala nyingine, na waimbaji wanaume kwa wanawake ambao walikuwa watu wa nyumba ileile. Anamtaja Byrd kuwa miongoni mwa waliokuwapo.

Ushahidi huo naupa uzito mkubwa kuliko uchambuzi wowote wa nota. Kwaya ya kanisa kuu la Uingereza ilikuwa ya wavulana na wanaume waliofundishwa kila siku na kulipwa. Hapa tunaona watu wa nyumba: mke, binti, mtumishi anayejua kusoma nota, labda mgeni aliyelala usiku mmoja. Wamekusanyika mapema, mlango umefungwa, kuna mtu anayesikiliza barabarani. Hawana nafasi ya mazoezi ya mwezi mzima. Kesho padri anaweza kuwa katika nyumba nyingine, au katika gereza.

Watu hao ndio walioandikiwa misa tatu, zilizochapishwa kati ya mwaka 1592 na 1595: ya sauti nne, kisha ya sauti tatu, kisha ya sauti tano. Hazina ukurasa wa jina, hazina tarehe, hazimtaji mchapaji. Kila sauti ilikuwa na kijitabu chake chembamba cha karatasi chache, cha kuingia ndani ya koti au katikati ya kitabu kingine. Ilibidi tungoje hadi karne ya 20 ndipo mtafiti alipolinganisha herufi zilizotumika na uchakavu wake, akaonyesha kwamba zilitoka katika mashine ya Thomas East wa London, na akakadiria miaka yake. Kitu kimoja tu hakikufichwa, nacho ni jina la W. Byrd juu ya kurasa. Sijui namna nyingine ya kulisoma hilo ila ujasiri. Aliyehesabu hatari maisha yake yote, hapa alitia sahihi.

Tazama sasa muziki wenyewe. Kabla ya marufuku, misa kuu za Kiingereza zilikuwa kazi za fahari. John Taverner, aliyefariki mwaka 1545, aliandika misa za sauti sita ambamo silabi moja inanyooshwa kwa nota nyingi mpaka msikilizaji asahau neno lilikuwa lipi, na muda haukuwa tatizo. Misa ya Byrd ya sauti nne, yote kuanzia Utuhurumie hadi Mwanakondoo, haimalizi nusu saa. Katika misa ya sauti tatu, Utuhurumie haufiki dakika moja: sauti zote zinatamka pamoja, mara tatu, mara tatu, mara tatu, kama waumini wanaomjibu padri. Mtu anayedhani huo ni uvivu wa mtunzi asome Utukufu unaofuata, aone jinsi sauti tatu tu zinavyofanywa zisikike kama tano.

Hata kule kuwapo kwa Utuhurumie kunasema jambo. Watunzi wa Kiingereza wa zamani kwa kawaida hawakuutungia muziki wa sauti nyingi katika misa zao kuu. Waliuacha uimbwe kwa namna nyingine. Byrd aliutunga, kama walivyofanya watunzi wa Ulaya bara, kwa sababu mapadri waliokuwa wakiingia nchini kwa siri walikuja na kitabu kipya cha misa cha Roma. Lakini katika Mtakatifu wa sauti nne anafungua kwa wazo la muziki lililotoka katika misa mojawapo ya Taverner. Kwa hiyo ibada ni ya Roma ya siku zake, na kumbukumbu ni ya Uingereza iliyokuwapo kabla hajazaliwa. Aliyekuwa na umri wa miaka sabini chumbani mle huenda aliutambua wimbo ule kutoka ujana wake. Sina hati ya kulithibitisha hilo, lakini Byrd hakuwa mtu wa kuokota wazo la mwenzake bila kusudi.

Kisha Mwanakondoo. Sijaona katika muziki wa karne ile ukurasa unaoufikia huu. Maneno yanasemwa mara tatu. Mara ya kwanza Byrd anaziachia sauti mbili za juu peke yake. Mara ya pili zinaimba sauti tatu. Mara ya tatu zote nne zinaingia, na zikifika katika maombi ya amani, dona nobis pacem, kila sauti inashikilia nota yake wakati jirani yake ameshasogea. Zinagongana, zinaumana, halafu iliyoshikilia inashuka hatua moja na maumivu yanaisha, lakini papo hapo sauti nyingine imeshaanza kuumana na ya tatu. Mnyororo huo unaendelea mpaka mwisho. Misa nyingi za wakati ule huwa na maombi ya amani yaliyotulia, kana kwamba amani imeshapatikana. Ya Byrd yanaombwa na watu ambao hawanayo.

Hapa ndipo ukubwa wa kwaya unapogeuka kuwa suala la maana. Mgongano wa sauti mbili unasikika kwa ukali wake pale ambapo kila sauti ni mtu mmoja. Soprano anasikia kwa sikio lake kwamba alto ndiye anayemuumiza, na anabaki pale pale. Ukiweka watu kumi katika kila sauti, kingo zinalainika. Ukiongeza mwangwi wa kanisa kuu, nota iliyopita inaifunika inayokuja, na mnyororo wote unageuka kuwa wingu zuri. Watu watasema ni mzuri, na ni kweli. Lakini Byrd hakuuandikia wingu.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Byrd aliandika pia kwa kwaya kubwa, na ni kweli. Ibada yake kuu ya Kiingereza, inayojulikana kama Great Service, imegawanya waimbaji wa Chapel Royal hadi sauti kumi na ni fahari tupu. Ndiyo hoja yangu hasa. Mtu yuleyule, katika miaka isiyopishana sana, alijua kutengeneza ukubwa alipotaka ukubwa. Udogo wa misa haukutokana na upungufu wa ufundi.

Katikati ya pande hizo mbili kuna nyimbo zake za Kilatini zilizochapishwa hadharani mwaka 1589 na 1591. Nyingi zimechukua maneno ya Biblia kuhusu Yerusalemu iliyoharibiwa na watu walio utumwani, na hakuna mkaguzi wa Kiprotestanti ambaye angeyakataa maneno ya nabii Isaya. Katika Ne irascaris, Domine (Usikasirike, Bwana), sauti zinafika kwenye Sayuni iliyoachwa ukiwa, zinaacha kufuatana, zinatamka pamoja, polepole. Kisha neno la ukiwa linarudiwa, na kurudiwa, na Byrd hataki kuliacha. Baadhi ya wasomi wanapenda kuzungumza juu ya lugha ya siri katika nyimbo hizi. Siri gani? Kila Mkatoliki wa Uingereza alijua Yerusalemu ile iko wapi, na nadhani malkia pia alijua.

Nakala moja ya karne ya 18 inasimulia kwamba mwaka 1583 Philippe de Monte, mkuu wa muziki wa Kaisari Rudolf II, alimtumia Byrd wimbo wa sauti nane juu ya Zaburi ya 137, ile ya mito ya Babeli. Mwaka uliofuata Byrd alimjibu kwa sauti nane pia, akianzia mstari unaouliza: tuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni? Ndani ya jibu hilo sauti tatu zinafuatana kwa wimbo mmoja, na moja kati yao inauimba ukiwa umepinduliwa, ikipanda pale nyingine zinaposhuka. Byrd hakuwa amehama nchi. Ugeni aliouimba ulikuwa wa nyumbani kwake.

Mwaka 1605 na 1607 alitoa vitabu viwili vya Gradualia, jumla ya nyimbo 109, akiwapa Wakatoliki muziki wa sikukuu za mwaka mzima, nyingi zikiwa fupi na za sauti tatu hadi tano. Kitabu cha kwanza kilikuwa madukani miezi ileile ilipogunduliwa njama ya kulipua Bunge, Novemba 1605. Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alikamatwa na kutiwa gerezani Newgate kwa kukutwa na vitabu hivyo. Padri Garnet, aliyewahi kukaa na Byrd katika muziki, alinyongwa Mei 1606. Mwaka 1607 Byrd alitoa kitabu cha pili, akakitoa kwa heshima ya Petre, na kuandika kwamba nyimbo zile kwa sehemu kubwa zilitoka katika nyumba ya Petre huyo.

Katika kitabu cha kwanza imo Ave verum corpus, wimbo wa kuusalimu mwili wa kweli wa Kristo katika Ekaristi, usiozidi dakika nne au tano. Wanakwaya wengi wanaijua ile ya Mozart, nami siipingi. Ya Byrd inaanza kwa salamu, na mara tu inapofika kwenye neno linaloungama kwamba mwili ule ni wa kweli, sauti ya juu imetoka kugusa nota iliyopandishwa nusu hatua na besi inaingia na nota hiyohiyo isiyopandishwa. Sikio linashtuka. Fundisho lililowagawa Wakatoliki na Waprotestanti kuhusu Ekaristi limewekwa katika mshtuko huo mmoja, bila kelele. Kisha inakuja sala ya kuomba huruma, inayorudiwa yote tangu mwanzo wake.

Byrd alifariki tarehe 4 Julai 1623. Kitabu cha Chapel Royal kilimwandika kuwa baba wa muziki. Misa zake zililala kimya kwa vizazi vingi, hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, Richard Terry alipozirudisha katika ibada, hasa katika kanisa kuu jipya la Kikatoliki la Westminster.

Kwa walimu wa kwaya wanaosoma haya: nota za misa hizi hazina hakimiliki tena na zinapatikana bure mtandaoni. Anzeni na ile ya sauti tatu, na msiipe kwaya nzima. Chagueni mtu mmoja kwa kila sauti, wakae karibu kiasi cha kutazamana, waimbe katika chumba cha kawaida, bila kipaza sauti na bila kinanda. Utuhurumie mtaumaliza katika mazoezi ya kwanza. Utukufu utachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu katika misa hii hakuna sauti ya kujificha nyuma yake, na anayekosea anasikika. Mkiuweza, nendeni kwenye Mwanakondoo wa sauti nne, na mkifika kwenye maombi ya amani msipunguze mwendo wala kulainisha. Mwacheni kila mmoja aishike nota yake mpaka zamu yake ya kushuka ifike.